Hisa za Kampuni za Dawa za Akili: Unachonunua Ni Jaribio

Mnamo Septemba 2020 kampuni ya Compass Pathways, yenye makao yake London, iliuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza katika soko la Nasdaq kwa bei ya dola 17 kila hisa, na soko lilipofungwa siku hiyo hisa moja ilikuwa imefika dola 29. Kampuni hiyo haikuwa na dawa hata moja iliyokwisha kuidhinishwa. Ilikuwa na silosibini iliyotengenezwa maabara, yaani kile kiambato kinachopatikana katika aina fulani za uyoga na kinachobadili fahamu ya mtu kwa saa kadhaa, na ilikuwa na jaribio lililokuwa likiendelea la kuwapa dawa hiyo watu wenye sonona sugu, yaani huzuni ya kimaradhi isiyosikia dawa za kawaida. Mwezi Juni 2021 ikafuata ATAI Life Sciences ya Berlin, iliyoasisiwa na Christian Angermayer na kuungwa mkono na tajiri Peter Thiel, nayo ikauza hisa kwa dola 15 na kukusanya dola milioni 225. Miaka michache baadaye, katika msimu wa mapukutiko wa 2024, hisa za kampuni zote mbili zilikuwa zikiuzwa kwa chini ya nusu ya bei hizo za kwanza.

Ninaandika habari hii kwa sababu swali la hisa hizi limerudi katika kikundi chetu cha kuweka akiba hapa Toronto, kikundi cha watu waliotoka Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Lubumbashi, ambao kila mwezi huchanga kidogo na kuamua kwa pamoja fedha ziende wapi. Aliyelileta ni shemeji yangu, na hoja yake ilikuwa fupi: "Shemeji, bangi ilipohalalishwa hapa tulikaa tukitazama. Safari hii tusiachwe." Hoja hiyo ina kasoro yake, kwa kuwa watu wengi walionunua hisa za kampuni za bangi za Kanada karibu na Oktoba 2018, sheria ilipoanza kutumika, wamepoteza sehemu kubwa ya fedha zao, hata kama bangi yenyewe imeendelea kuuzwa madukani kila siku. Lakini mbali na kasoro hiyo, hoja yenyewe inafananisha mambo mawili yasiyofanana. Kampuni ya bangi ilikuwa inauza mazao, na mtu aliweza kuhesabu magunia na wateja. Kampuni inayotengeneza dawa ya sonona au ya skizofrenia (maradhi ya kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo), kwa miaka saba, kumi au zaidi, haiuzi chochote. Inaendesha majaribio, na anayenunua hisa yake ananunua matokeo ya jaribio ambalo bado halijaisha. Hilo ndilo ninalotaka ndugu zangu wa kikundi, na wasomaji wengine wenye akiba kama yetu, walielewe kabla ya kutazama bei.

Tuanze na kitu ambacho kampuni hizi zinadai kukimiliki. LSD, dawa nyingine inayobadili fahamu, ilitengenezwa na Albert Hofmann mwaka 1938 katika maabara za Sandoz mjini Basel, na ni Hofmann huyohuyo aliyeitenga silosibini kutoka kwenye uyoga mwishoni mwa miaka ya 1950. MDMA, inayojulikana mitaani kama ekstasi, ni ya zamani zaidi, kwani kampuni ya Merck ya Ujerumani iliiwekea hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa peke yake kuitengeneza, mwaka 1912. Ketamini imekuwa ikitumika kama dawa ya usingizi hospitalini tangu mwaka 1970, na hakuna mhudumu wa chumba cha upasuaji katika Afrika Mashariki asiyeijua. Hizi ni molekuli za kale, na molekuli ya kale haiwezi kuwekewa hataza upya kwa sababu tu mtu amepata wazo la kuitumia. Ndiyo maana kampuni zinahangaika kumiliki vitu vya pembeni: umbo fulani la fuwele la silosibini, chumvi fulani ya LSD, molekuli iliyobadilishwa kidogo ili idumu muda mfupi zaidi mwilini, au namna ya kuitoa dozi. Hataza za Compass kuhusu umbo la fuwele la silosibini yake zilipingwa rasmi nchini Marekani na hazikuangushwa, lakini ukweli kwamba zilipingwa unaonyesha jinsi ukuta huo unavyotegemewa. Mwekezaji makini huuliza swali la hataza mapema, kwa kuwa dawa inayofanya kazi lakini ambayo kila mtu anaweza kuitengeneza haimnufaishi mwenye hisa aliyegharamia majaribio yake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni namna maradhi ya akili yanavyopimwa. Dawa ya shinikizo la damu hupimwa kwa kipimo cha mkono, na dawa ya malaria kwa damu iliyo kwenye kioo cha hadubini. Sonona hupimwa kwa mazungumzo. Kipimo kinachotumika sana katika majaribio ya sonona huitwa MADRS, nacho kina maswali kumi: huzuni inayoonekana usoni, huzuni anayoisema mgonjwa mwenyewe, wasiwasi wa ndani, usingizi uliopungua, hamu ya kula, ugumu wa kutuliza mawazo, uzito wa kuanza jambo, kutohisi chochote, mawazo ya kujilaumu na mawazo ya kujiua. Kila swali hupewa alama kuanzia sifuri hadi sita, kwa hiyo jumla haizidi 60. Mtathmini, ambaye mara nyingi huzungumza na mgonjwa kwa simu bila kujua amepewa dawa gani, husikiliza majibu na kuamua kama huzuni ya leo ni alama tatu au nne. Mabilioni ya dola ya thamani ya kampuni katika soko la hisa yanasimama juu ya tofauti ya alama hizo, na sisemi hivyo kwa kudharau, kwa kuwa mtu aliyewahi kumwona ndugu yake akishindwa kutoka kitandani kwa wiki nzima anajua kwamba kushuka kutoka alama 35 hadi 20 ni maisha kurudi. Ninachosema ni kwamba kipimo hicho kina ulaini wake, na ulaini huo unatoa nafasi kubwa kwa matumaini ya mgonjwa kufanya kazi ya dawa.

Kwa sababu hiyo majaribio hulinganisha dawa na plasebo, kidonge kisicho na kiambato cha dawa, na si mgonjwa wala mtathmini anayetakiwa kujua nani amepata kipi. Sasa fikiria kuifanya siri hiyo kwa dawa kama MDMA au silosibini. Mtu aliyemeza miligramu 25 za silosibini hulala kwenye kochi kwa saa sita hadi nane akiwa amefunikwa macho, anasikiliza muziki, na mtaalamu amekaa kando yake muda wote. Mtu huyo hawezi kudanganyika kwamba amemeza unga wa kawaida, na mwenzake aliyemeza unga wa kawaida naye hujua baada ya saa moja kwamba hakuna kilichotokea, akavunjika moyo, na kuvunjika moyo huko kukaonekana kwenye alama zake. Siri imefichuka pande zote mbili, na tofauti inayopatikana mwishoni inachanganya nguvu ya dawa, furaha ya aliyeipata na huzuni ya aliyeikosa.

Kampuni iliyogongana na jambo hili uso kwa uso ni Lykos Therapeutics, iliyozaliwa na shirika la MAPS ambalo Rick Doblin aliliasisi mwaka 1986 kwa lengo la kuifanya MDMA ikubalike kuwa tiba. Katika jaribio lake la pili la awamu ya tatu (hatua ya mwisho ya majaribio kabla ya kuomba idhini), lililokuwa na washiriki 104 wenye maradhi ya kiwewe, zaidi ya asilimia 71 ya waliopewa MDMA pamoja na tiba ya mazungumzo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, na kati ya waliopewa plasebo pamoja na tiba hiyohiyo walikuwa karibu asilimia 48. Kwa mtu anayesoma habari kwa haraka, huo ni ushindi. Lakini washiriki walipoulizwa wanadhani walipewa nini, zaidi ya asilimia 90 ya waliopewa MDMA walijibu sawasawa, na robo tatu ya waliopewa plasebo nao walijibu sawasawa. Mnamo Juni 2024 jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, lilipiga kura: tisa kwa wawili walisema ufanisi haujathibitishwa, na kumi kwa mmoja walisema faida hazijaonyeshwa kuzidi hatari. Pamoja na suala la siri iliyofichuka, kulikuwa na maswali kuhusu mwenendo wa baadhi ya wataalamu wa tiba katika majaribio na kuhusu madhara ambayo hayakurekodiwa ipasavyo. Agosti mwaka huo FDA ikakataa kuidhinisha na kutaka jaribio jingine la awamu ya tatu, na Lykos ikapunguza robo tatu ya wafanyakazi wake. Kampuni hiyo haikuwa katika soko la hisa, lakini yaliyoikuta yalikuwa mezani kwa yeyote aliyesoma jedwali la jaribio lake, ambalo lilichapishwa mwaka 2023 katika makala ya kisayansi ambayo kila mtu anaweza kuisoma bila malipo. Habari iliyowashtua wawekezaji wengi mwaka 2024 ilikuwa imeandikwa mwaka mmoja kabla.

Compass ilijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa njia ya busara zaidi. Katika jaribio lake la awamu ya pili, lenye watu 233, hakukuwa na plasebo tupu. Wote walipewa silosibini, wengine miligramu 25, wengine 10 na wengine moja tu, ili angalau kila mtu ajue amemeza kitu. Matokeo yalitangazwa Novemba 2021: baada ya wiki tatu waliopata miligramu 25 walishuka kwa alama 12 kwenye MADRS na waliopata moja kwa alama 5.4, tofauti ya alama 6.6, ambayo kwa wagonjwa wa sonona sugu si ndogo. Hisa zilishuka hata hivyo, kwa sababu soko lilitazama pia wangapi walidumu katika nafuu hiyo hadi wiki ya 12, na walitazama matukio ya mawazo ya kujiua yaliyoripotiwa. Kisha ikaja awamu ya tatu. Juni 2025 kampuni ilitangaza kwamba katika jaribio la kwanza la awamu hiyo, lenye washiriki 258, lililolinganisha dozi moja ya miligramu 25 na plasebo, tofauti baada ya wiki sita ilikuwa alama 3.6. Kitakwimu jaribio lilifaulu bila shaka yoyote. Sokoni hisa zilianguka kwa takriban theluthi moja siku hiyohiyo, kwa kuwa wawekezaji walikuwa wamejijengea matarajio juu ya ile 6.6.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa makusudi. Jaribio la pili kwa kawaida hutoa tofauti ndogo kuliko la kwanza, kwa sababu kampuni huendelea tu na dawa ambayo jaribio lake la kwanza lilipendeza, na sehemu ya kupendeza huko ni bahati. Anayenunua hisa baada ya matokeo mazuri ya awamu ya pili ananunua bahati ya jana kwa bei ya leo. Asome idadi ya washiriki, aulize kundi la ulinganisho lilipewa nini, aulize nafuu ilipimwa baada ya wiki ngapi, kisha ajiwekee mwenyewe tarakimu ndogo kuliko ile ya kwanza na aone kama kampuni bado inapendeza.

Wapo wanaodhani kwamba hatari inaisha dawa ikiidhinishwa. Kwao nina kisa cha Sage Therapeutics ya Cambridge, Massachusetts, ambayo haikushughulika na uyoga wala LSD bali na dawa zinazofanana na homoni za asili za ubongo. Machi 2019 ilipata idhini ya dawa ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya sonona ya baada ya kujifungua. Mama alipaswa kulazwa na kutundikiwa dawa hiyo mshipani kwa saa 60 mfululizo, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 34,000 kwa tiba moja. Mwaka huo hisa za Sage zilivuka dola 150. Desemba 2019 kidonge chake kilichofuata kilishindwa katika jaribio la sonona ya kawaida na hisa zikapoteza takriban asilimia 60 kwa siku moja. Kampuni ya Biogen ikaja mwaka 2020 na ahadi ya zaidi ya dola bilioni moja na nusu, majaribio mengine yakafanyika, na Agosti 2023 FDA ikaidhinisha kidonge hicho kwa mama waliojifungua na kukikataa kwa wagonjwa wengine wote wa sonona. Idhini hiyo, ambayo kwa mama mwenye kichanga mkononi ni habari njema isiyo na mfano, iliwapotezea wenye hisa zaidi ya nusu ya thamani iliyokuwa imebaki, kwa kuwa soko la sonona ya kawaida ndilo walilokuwa wamelinunua. Mwaka 2025 Sage ikanunuliwa na Supernus kwa dola 8.50 kila hisa, pamoja na ahadi ya nyongeza iwapo malengo fulani yatafikiwa. Dawa ipo, inafanya kazi, inawasaidia watu, na mtu aliyenunua hisa kwa dola 150 alipoteza karibu fedha zake zote.

Upande wa pili wa jambo hili nao lazima usemwe, kwa sababu bila huo hakuna mtu angeweka senti moja. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Eli Lilly ilikuwa na molekuli iitwayo zanomelini, iliyoonekana kutuliza sauti na fikra za skizofrenia lakini iliwatapisha wagonjwa na kuwasumbua tumbo kiasi kwamba ikaachwa kabatini. Baadaye watu walioanzisha Karuna Therapeutics ya Boston waliichukua kwa malipo ya kuanzia ya dola 100,000 na kuiunganisha na trospiumu, dawa ya zamani ya kibofu ambayo haiingii kwa urahisi kwenye ubongo. Zanomelini ikabaki na kazi yake kichwani, na trospiumu ikayazuia madhara yake tumboni. Hakuna ugunduzi wa molekuli mpya hapo, kuna akili iliyoona kwamba tatizo la dawa moja ni kazi ya dawa nyingine. Karuna iliuza hisa kwa umma katikati ya 2019 kwa dola 16, ikatangaza matokeo ya awamu ya pili Novemba mwaka huohuo na hisa zikavuka dola 90 ndani ya siku moja, na Desemba 2023 Bristol Myers Squibb ikakubali kuinunua yote kwa dola 330 kila hisa, jumla dola bilioni 14. Septemba 2024 FDA iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Cobenfy. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miongo mingi kwa wagonjwa wa skizofrenia kupata dawa inayofanya kazi kwa njia tofauti na zile zinazozuia dopamini (kemikali ya ubongo), ambazo humnenepesha mtu, humtetemesha na humfanya aonekane amelala huku yu macho. Ninaposoma habari kama hiyo ninafurahi kwa dhati, na ninakubali kwamba bila wawekezaji walioivumilia Karuna ilipokuwa haina kitu, dawa hiyo ingebaki kabatini.

Lakini mwezi uleule wa Desemba 2023 AbbVie ilikubali kuinunua Cerevel, kampuni nyingine yenye dawa ya skizofrenia inayolenga vipokezi (sehemu za seli za ubongo zinazopokea dawa) vya jamii ileile inayolengwa na dawa ya Karuna, kwa takriban dola bilioni 8.7. Novemba 2024 majaribio yake mawili ya awamu ya pili yalishindwa, kwa sehemu kwa sababu waliopewa plasebo walipata nafuu kubwa mno, na hisa za AbbVie zikaanguka kwa takriban asilimia 12 siku hiyo. AbbVie ina wanasayansi, wanasheria na wahasibu wengi kuliko sisi sote tutakavyowahi kuwafahamu, nao walikuwa wamezisoma data za Cerevel ambazo hazikuwa hadharani. Kama wao walikosea, basi mtu anayesoma ujumbe uliosambazwa kwenye simu akiambiwa kwamba kampuni fulani "italipuka" ana kila sababu ya kuuweka kando.

Kuna pia hesabu ya fedha za uendeshaji, ambayo haina mvuto lakini ndiyo huwaumiza watu taratibu. Kampuni isiyo na mauzo huishi kwa kuuza hisa mpya. Kila inapotoa hisa mpya, fungu la mwenye hisa wa zamani hupungua, hata kama hakuuza hata moja. Bei ikishuka sana, kampuni huunganisha hisa ili isiondolewe sokoni: MindMed, ambayo mwaka 2020 ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza za aina hii kuorodheshwa hapa Kanada, iliunganisha hisa 15 kuwa moja mwezi Agosti 2022, na Cybin ya hapa Toronto iliunganisha hisa 38 kuwa moja Septemba 2024. Ukitazama mchoro wa bei leo hutaliona jambo hilo kwa urahisi, kwani bei za zamani hurekebishwa nyuma. Kwa hiyo kabla ya yote fungua taarifa ya fedha ya robo mwaka, tazama fedha taslimu zilizopo, gawanya kwa matumizi ya robo hiyo, ulinganishe na tarehe ambayo matokeo yajayo yametangazwa kutoka. Fedha zikiisha kabla ya matokeo, tambua kwamba hisa mpya zitauzwa na fungu lako litapungua. Haki iwatendewe MindMed: baada ya machungu hayo jaribio lake la LSD kwa wagonjwa wa wasiwasi, lenye washiriki 198, lilitoa matokeo mazuri, na Machi 2024 FDA iliipa dawa hiyo hadhi ya kuharakishwa. Wenye hisa waliobaki walifurahi, ila walikuwa wamebaki na mafungu madogo.

Hata dawa ikipita katika hayo yote, bado inabidi itolewe kwa mgonjwa katika chumba fulani, na chumba hicho kina kodi na mshahara wa mtu aliyekaa ndani yake. Field Trip Health ya Toronto ilifungua kliniki nzuri za ketamini katika miji kadhaa ya Amerika Kaskazini, na Machi 2023 ililazimika kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tazama kwa karibu jinsi Spravato ya Johnson & Johnson inavyotolewa, dawa pekee ya ukoo wa ketamini ambayo FDA imeiidhinisha kwa sonona, tangu Machi 2019. Mgonjwa hufika katika kliniki iliyosajiliwa, hupimwa shinikizo la damu, hujipulizia puani vichupa viwili au vitatu akipumzika dakika tano kati ya kimoja na kingine, kisha hubaki kitini chini ya uangalizi kwa angalau saa mbili huku shinikizo likipimwa tena, na haruhusiwi kuendesha gari hadi kesho yake baada ya kulala. Mwanzoni hufanya hivyo mara mbili kwa wiki. Ilichukua hadi mwaka 2024 kwa mauzo ya dawa hiyo kuvuka dola bilioni moja kwa mwaka, na hapo nyuma yake kulikuwa na kampuni yenye mtandao duniani kote. Silosibini inahitaji chumba hichohicho kwa saa sita au nane. Nadhani hiyo ndiyo sababu AbbVie, Agosti 2025, ilikubali kulipa hadi dola bilioni 1.2 kwa dawa ya kampuni ya Gilgamesh ambayo safari yake ni fupi zaidi: saa za kitini zikipungua, kliniki nyingi zaidi zinaweza kumudu kuitoa.

Wasomaji wawili wameniuliza kuhusu uhalali, wa kisheria na wa kidini. Kisheria, LSD, MDMA na silosibini bado zimo katika orodha kali ya udhibiti ya Marekani chini ya sheria ya 1970, na pia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, hivyo sheria za Tanzania na Kenya nazo zinazikataza. Kumiliki hisa ya kampuni inayozifanyia majaribio kwa kibali ni jambo tofauti na kumiliki dawa yenyewe. Australia imewaruhusu madaktari maalumu wa akili kuandika MDMA na silosibini kwa wagonjwa wachache, tangu Julai 2023. Kuhusu hukumu ya dini juu ya faida inayotokana na vitu vinavyobadili akili, hata kwa tiba, waulizwe wanazuoni, na ningependa kikundi chetu kiwaulize kabla ya kupiga kura kwa kuwa nusu yetu tutataka kujua.

Katika kikao kilichopita shemeji alikubali mengi ya haya, akapendekeza njia ya katikati: tununue hisa za Johnson & Johnson, kampuni isiyoweza kufilisika kesho, na kwa hivyo tuwe na mguu mmoja ndani ya dawa hizi. Ni pendekezo la mtu makini, na kama hisa za kampuni kubwa inayolipa gawio sina neno nalo. Lakini mwaka 2024 mauzo yote ya Johnson & Johnson yalikuwa takriban dola bilioni 89, na Spravato ililetea zaidi kidogo ya bilioni moja, yaani kama asilimia moja na robo. Katika kila dola mia tutakazoweka humo, zilizo katika dawa ya sonona zitakuwa dola moja na senti, na zilizobaki zitakuwa katika dawa za saratani, za kinga ya mwili na vifaa vya upasuaji. Kwa hiyo nimependekeza mambo mawili yatenganishwe katika kumbukumbu za kikao. Gawio la kampuni kubwa lijadiliwe kama gawio. Na kama wanachama bado wanataka kushiriki katika dawa za akili zenyewe, fungu lisizidi kiasi ambacho kikipotea chote hakuna mwanachama atakayechelewesha karo ya mtoto, ligawanywe kwa kampuni kadhaa, na kila anayependekeza kampuni aje na karatasi moja inayoonyesha jaribio linalosubiriwa, idadi ya washiriki, kundi la ulinganisho limepewa nini, tarehe ya matokeo na fedha zilizobaki benki. Kura itapigwa kikao kijacho, na karatasi ya kwanza ameahidi kuileta shemeji.